Pakiti Saba kwa Kichwa Kimoja

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, mkaguzi wa kodi aliingia saluni na faili moja, akakaa kwenye kiti cha wateja. Msusi, aliyekodi kiti hicho na kujinunulia vifaa vyote, alikuwa ameandika kwenye fomu kwamba hutumia pakiti saba za rasta kwa kichwa. Gharama hiyo ilipunguza kodi yake karibu nusu.

"Wenzako wanaandika tatu," mkaguzi alisema. "Nne unauza pembeni?"

"Wenzangu wanasuka za mabegani. Mimi nasuka nyembamba, za kiunoni. Risiti hizo hapo."

"Risiti inaonyesha ulinunua. Haionyeshi zilikwenda kichwani."

Faili lilitakiwa kufungwa saa sita. Gharama ikikataliwa, msusi angelipa kodi na faini juu, na kiti kingemponyoka.

Shangazi yake alikuwa amekaa akisubiri kufumuliwa rasta za kiunoni alizosukwa na msusi huyohuyo. Msusi alimtazama, akatazama pakiti tupu ukutani iliyoandikwa gramu tisini, kisha akakimbia kwa mwoka mikate jirani kuazima mzani.

"Mnanipima kama nyama?" shangazi aliuliza.

"Kichwa tu, shangazi."

Walianza kufumua upande wa kushoto. Mkaguzi alisimama kando ya mzani, akitoa kila unywele halisi uliojichanganya na rasta. Saa nne na nusu alivua koti akashika chanuo.

"Pole pole, baba. Huo ulikuwa wangu," shangazi alisema.

Mzani ulionyesha mia mbili sabini. Pakiti tatu. Upande wa kushoto ulikuwa haujaisha, na wa kulia haujaguswa.

"Endelea," mkaguzi alisema, sauti ikiwa imepanda. Msusi alikuwa akifumua kwa mikono miwili, vidole havionekani kwa kasi. Mia nne. Mia tano. Mwoka mikate alikuja kudai mzani wake, akabaki mlangoni akihesabu kwa sauti.

Msuko wa mwisho ulipotua, namba ilisimama kwenye mia sita kumi na moja.

"Saba ni mia sita thelathini. Kumi na tisa ziko wapi?"

"Ncha. Nikimaliza kusuka nazikata zilingane."

Mkaguzi alipiga hesabu pembeni mwa karatasi. Pakiti sita zilikuwa mia tano arobaini. Ya saba lazima ilifunguliwa.

"Sasa nani ataniona hivi nje?" shangazi aliuliza.

Saa sita kasoro dakika nne, mkaguzi aliandika "Imekubaliwa" mbele ya gharama ya rasta, akatia saini.