Ukindu Nyuma ya Kufuli

Haya wajukuu, tegeni masikio: nyumba yangu ina milango mingi mno, mgeni akishatia ufunguo wake, maumivu hayaingii, wala mwalimu haingii. Nani huyo? Nyamazeni, mfuateni kwanza Bi Raya.

Amelala wodini baada ya kupasuliwa nyonga, na Mize mjukuu wake kaja na mkeka wa harusi yake, haujaisha, na ususi wake anaujua Bi Raya peke yake. Bibi, baada ya ukindu mwekundu unafuata upi? Kinywa kinafunguka, jibu halipo. Nesi anasukuma tena dawa ya maumivu mshipani na kitanda kinazama, kinazama taratibu, mpaka Bi Raya yuko wima, nyonga haiumi hata chembe, katika mji wa njia zinazojirudia, kila ukuta kioo, kila kioo kina kijimlango, na kila kufuli imechomekwa ufunguo uleule. Mbele yake mtu asiye na uso. We, usiye hata na adabu ya kuvaa uso, nani kakuruhusu? Kufuli nilizikuta, anajibu. Mji huu huchonga wenyewe funguo zake ndogo ndogo, za raha na za kunyamazisha kilio. Mimi niliyetoka sindanoni nimefanana nazo tu. Umefanana! Hata nyani kafanana na mtu, ndiyo akae sebuleni? Nje ya milango Bi Raya anayaona mafunzo ya leo yamesimama juani, maneno ya daktari, jina la nesi, hayana pa kupita. Na ususi wangu? Umo ndani, aliyeuleta nimemfungia nje. Bi Raya anawaka. Kichwa changu, nikipigie hodi mimi? Chomoa! Nikichomoa, ataingia huyo huyo, Maumivu, uliyenishukuru kwa kumzuia. Aingie, naye ni wangu!

Ufunguo unatoka, nyonga inapiga yowe, na Bi Raya ni mtoto tena, ukindu mkavu umemkata kidole, damu imeingia kwenye wekundu, na mama yake anasema usilie, tazama hapa.

Anafumbua macho. Mtu wa mbele yake bado hana uso, barakoa tu, na dirishani kuna kioo. Mji upi huu? Nikuongeze dawa, mama? anauliza nesi. Dawa yako nzuri mwanangu, lakini ingoje kidogo. Mize! Abee bibi. Mweusi. Baada ya mwekundu ni mweusi, ndio unaoficha damu ya msusi.