Zamu ya Marehemu Mbuthia

Mtaa mzima wa Tassia hakuna mwanamke aliyewahi kuifanya kompyuta ikimbie isipokuwa mimi. Kusema ukweli, kompyuta nimeigusa mara moja tu, nikiipangusa kwa kitambaa kibichi, ikalala siku tatu.

Ni ya mjukuu wangu Nekesa. Aliandika programu ya kupanga zamu za kupika matangani, maana kanisa letu lina waumini mia tisa na wote hukumbuka kuugua sufuria zikitajwa. Programu ikachukua dakika arobaini. Nekesa akanieleza kwamba lugha aliyoiandikia ina mkalimani ndani, anayeifasiria mashine mstari mmoja mmoja. Hapo nikaelewa. Kwetu pasta huhubiri Kiingereza, mkalimani kando yake, na ndiyo maana chakula cha mchana tunakila saa kumi.

Pasta alikuwa amempa Nekesa muda hadi Jumapili. Programu ikijikokota, zamu zinarudi kwenye kaunta buku ya mzee Mbuthia, aliyezipanga miaka kumi na miwili bila kuhitaji stima.

Nikauliza huyo mkalimani anafanya nini muda wote huo. Kumbe kwa kila jina anafungua daftari la waumini upya, analisoma lote, analifunga.

"Huyo anakaa ghorofa ya tano," nikamwambia, "anateremka kununua kitunguu, anapanda, anateremka tena kwa nyanya. Mpe kiondo ateremke mara moja."

"Kukhu, hii si sukuma wiki," akanijibu; Kukhu ni bibi kwa Kiluhya.

Jumapili baada ya ibada Nekesa akabonyeza kitufe. Sekunde mbili, orodha hiyo, imemulikwa ukutani. Pasta akataka kujua amefanyaje.

"Nilimsikiliza Kukhu. Sasa inabeba yote mara moja."

Nikainuka, nikawapungia watu mkono kama mheshimiwa.

Mbuthia hakupiga makofi. Alisogea polepole hadi alipokaa Nekesa. "Nitoe kwenye daftari, mama. Andika nimekufa jana."

Watu wakacheka. Nekesa akasita, akaandika, akabonyeza. Sekunde mbili. Mbuthia akarekebisha miwani, akasoma ukutani kwa sauti:

"Jumamosi, kusonga ugali: Mbuthia."

Pasta akamgeukia Nekesa. "Hiyo orodha uliipika lini?"

"Ijumaa," akasema mjukuu wangu, akiangalia viatu vyake. "Dakika arobaini. Leo naifungua tu."

Mkono wangu ulikuwa bado hewani.