Maji Baridi ya Mzee Wanjala

Mimi nikianza kuongea, kunyamaza ni kazi. Mume wangu analijua hilo, kanisani wanalijua, na wahudumu wa makao yetu ya wazee hapa Malava wanalijua kuliko wote, maana mimi ndiye msimamizi wa zamu ya asubuhi. Mama Shantel, wananiita. Nikiona mtu anakosea namrekebisha papo hapo, kwa sauti, na wengi wameshika kazi kwa njia hiyo. Sasa niambie, huyu Lynette alikuwa hashiki kwa nini?

Alikuja kwetu kwa majaribio ya miezi mitatu. Ikiisha, mimi ndiye najaza fomu: athibitishwe kazini au arudi nyumbani. Na aliihitaji kazi hiyo, jamani. Mumewe hukata miwa huko Kabras, na kazi ya miwa leo iko, kesho haiko. Msichana mwenyewe alikuwa mpole, safi, wa kufika kabla ya wakati. Nilimpenda siku ya kwanza. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nimechoka naye kabisa.

Shida ilikuwa Mzee Wanjala. Huyu zamani alikuwa fundi wa mitambo huko Butali, kisha kiharusi kikamnyima mkono na mguu wa kulia. Alikuwa kwenye orodha ya Lynette, na kila asubuhi akiingia na beseni, mzee anageukia ukuta. "Maji ni baridi," anasema. Basi. Lynette anatoka, anaandika kwenye daftari la zamu: *Amekataa kuoga. Maji baridi.* Siku ambazo Lynette anapumzika, Hezekiah, mhudumu mwenzake, ndiye humwosha, na mzee anatulia mpaka anaimba. Nani hapo hajui kazi?

Kwa hiyo nikamfundisha. Mara ya kwanza nilimwonyesha kupima maji kwa kiwiko. Mara ya pili nikamwonyesha kumfunika mtu kwa taulo na kumwosha sehemu moja moja, asihisi baridi wala aibu. Mara ya tatu, haki ya Mungu, nilimlaza Hezekiah kitandani mbele ya wahudumu wote, nikamwambia Lynette amwoshe mikono na miguu tuone. Alimwosha vizuri mpaka Hezekiah akasinzia.

"Kumbe unajua!" nikamwambia. "Basi ni kiburi, Lynette. Ni kiburi tu."

"Sawa, mama," akasema, akachukua beseni lake akaenda kulimwaga.

Jumatano Madam Kemunto, meneja wetu, akaniita ofisini. Huyu mama Mkisii haongei sana, na ukiwa mbele yake unajikuta umeketi wima. Alikuwa amemkagua Mzee Wanjala, akaona ngozi ya nyonga imeanza kuwa nyekundu.

"Hii ikiwa kidonda, ni sisi," alisema. "Ijumaa nataka fomu ya Lynette."

"Madam, nitaandika aende. Nimemfundisha mara tatu."

"Na yeye alisema nini?"

"Kuhusu nini?"

"Mara hizo tatu, Mama Shantel. Wewe ulisema mengi, nilikusikia mpaka huku. Yeye alisema nini?"

Nikafikiri, nikafikiri. "Alisema, 'Sawa, mama.'"

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

"Basi hujui kitu bado. Mwulize kuna nini, halafu unyamaze mpaka akujibu. Hata kama ni saa nzima."

Weh! Saa nzima! Nilitoka pale nimekasirika, nikisema moyoni kwamba wakubwa wa ofisini hawajui kazi ya beseni. Lakini agizo ni agizo.

Alasiri nilimkuta Lynette chumba cha nguo akikunja shuka. Nikashika upande wa pili wa shuka, tukaikunja pamoja.

"Lynette," nikasema, "sijaja kukufundisha. Kuna nini kati yako na Mzee Wanjala?"

Akainamisha kichwa. Nikanyamaza. Tukakunja shuka ya pili, ya tatu. Maneno yalinijaa mdomoni: *si useme, mtu hakuli!* Nikayameza. Shuka ya tano. Ya sita. Nikauma ulimi, kweli kweli, si maneno tu. Tulipofika ya tisa, akaketi juu ya kikapu cha nguo na kuanza kulia.

"Mama," akasema, "yule ni baba mkwe wangu."

"Baba yake mume wako si alikufa?"

"Alikufa mwaka juzi. Lakini yeye na Mzee Wanjala walipashwa tohara msimu mmoja. Ni rika moja. Siku mahari yangu inazungumzwa, yeye ndiye alisimama kuongea upande wao. Sasa nitamvuaje nguo, mama? Hata mkono simpatii."

Nikahisi joto limenipanda mpaka masikioni. Mimi ni Mluhya. Mume wa Shantel wangu, Eugene, akija kwangu hunisalimia akiwa mlangoni, na nikipita njiani yeye hukaa kando mpaka nipite. Angeambiwa aje anisugue mgongo kwa sabuni, angehama nchi. Na mimi ningehama kabla yake!

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza, sasa kwa sauti ndogo.

"Siku ya kwanza ulituambia hapa ndani hakuna mkwe wala shemeji, kuna mgonjwa tu. Ukasema asiyeweza aende. Mimi siwezi kwenda, mama. Nyumba yote inanitegemea."

Nilisema hivyo. Huwa nasema hivyo kwa kila mgeni, nikidhani ni maneno ya maana. Niliona aibu, acha niseme wazi. Yunifomu ilinifanya nisahau kitu ambacho hata mtoto wa kwetu anakijua, na huyu msichana alikuwa amebeba woga huo miezi karibu mitatu kwa sababu ya mdomo wangu.

"Nisamehe," nikamwambia. Kisha nilitaka kumpa mpango wote, kwanza hivi, pili hivi. Nikajizuia. "Wewe unaonaje? Tufanyeje?"

Akapangusa macho. Kumbe mpango alikuwa nao siku zote, hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. "Hezekiah anaweza kumchukua mzee. Mimi nimchukue Kukhu Ayuma, yule nyanya wa chumba cha nne. Yeye hapendi Hezekiah amwoshe, anamtupia vikombe."

"Hilo ni kweli kabisa."

"Na chakula cha mzee niachiwe mimi. Kumpikia na kumwekea mezani si mwiko, hiyo ndiyo kazi ya mkaza mwana. Nimeona hali obusuma, ugali wetu, kwa sababu kwa mkono wa kushoto inamwangukia, anaona haya. Nitamkatia vipande vidogo na mchuzi mzito, na nitaweka sahani kwenye kitambaa chenye maji isiteleze."

Ile ya kitambaa sikuwa nimeifikiria, na niko kazi hii miaka kumi na tisa.

Alhamisi Hezekiah akamwosha mzee, akampaka mafuta ile nyonga na kumgeuza kila baada ya saa mbili. Kukhu Ayuma hakutupa kikombe hata kimoja. Saa sita mchana Lynette aliweka sahani mbele ya Mzee Wanjala, macho chini, akarudi nyuma hatua tatu. Mzee akamaliza yote, akaomba nyongeza. Mpishi alitoka jikoni kuja kuona kama ni kweli.

Ijumaa nilipeleka fomu. Palipoulizwa mapungufu ya mhudumu, niliandika kwamba hana, na kwamba mapungufu yaliyokuwepo yalikuwa ya msimamizi, nikaweka na jina langu. Madam Kemunto akaisoma mara mbili. Akatia sahihi, akamwita Lynette, akampa barua yake.

Lynette aliisoma akiwa amesimama. Nilingoja vigelegele, hata mimi koo langu lilikuwa tayari. Badala yake akaniambia, "Mama, nenda umwambie mzee. Mimi chumbani kwake siingii tena, na najua hajalala vizuri wiki hii."

Nikaenda. Mzee Wanjala alikuwa ameketi kitandani, msafi, ananukia sabuni.

"Mzee, Lynette amethibitishwa kazini," nikasema.

Akafumba macho. "Asante, Mungu wangu," akasema.

"Lakini mzee, nawe pia! Ungeniambia tu ni mkwe wako. Umekaa siku ngapi bila kuoga, ukisingizia maji?"

"Ningesema, mngemwondoa mkaleta mwingine. Nikisema maji baridi, ubaya unakuwa wangu." Maneno yalimtoka polepole, kiharusi kilimfunga ulimi kidogo. "Baba wa mumewe alinishika mkono akiwa anakufa. Akaniambia, Wanjala, nyumba ya kijana wangu uitazame. Halafu mwezi uliofuata mimi mwenyewe nikaanguka. Hata kwenda kuwasalimu sijaweza."

Alinyoosha ule mkono mzima, akashika kidole changu, akakibana kwa nguvu.

"Mama Shantel, tangu nianguke watu wananifanyia tu. Wananilisha, wananigeuza. Hili ndilo jambo la kwanza mimi nimemfanyia mtu."

Nililia mbele yake, mzee wa watu, na yeye ndiye aliyeniambia ninyamaze.