Sindano ya Mak Rubiah

Mwanamume mwenye akili timamu haongezi nguvu ya injini siku moja kabla ya kumpeleka mama mkwe kwao. Nazmi aliongeza. Alijiambia kuwa gari lingebeba watu watatu, sufuria la rendang, ile nyama ya nazi, mianzi ya lemang yenye wali ndani na marundo ya nguo za Idi, kisha lipande mlima wa Genting Sempah. Basi acha tabo, kile kipulizia hewa cha injini, ipulize zaidi. Rafiki yake mwenye karakana pale Klang akafungua kompyuta, akabonyeza hapa na pale, presha ikapanda.

Plagi, zile za kutoa cheche, alizichagua mwenyewe, na hapo hatumlaumu. Injini inayopulizwa sana huwa na moto mwingi, kwa hiyo alinunua plagi za baridi, zile zinazotoa joto upesi, tena zenye ncha nyembamba ya madini ghali. Kosa lake lilikuwa moja. Boksi lilisema uwazi wa ncha zake umeshapimwa kiwandani, naye akaamini, akazifunga zilivyo. Kiwanda kingejuaje nani kaongeza presha Klang?

Lile gari lilikuwa la marehemu baba yake. Nazmi alikulia kiti cha nyuma, akijifunza kusoma kwa vibao vya barabarani, na baba alipofariki aliling'oa injini iliyochoka akaweka nyingine kutoka Japani. Alilipenda mno, na mkewe Rafidah alijua hivyo. Lakini lilikuwa limeshamwacha Rafidah njiani mara mbili, mara ya pili akiwa amevaa nguo ya harusi ya binamu yake, kwenye mvua. Ndipo Nazmi akaapa, tena mbele ya Mak Rubiah, mama mkwe wake: "Likitufia njiani mara nyingine, baada ya Idi nauza." Ahadi ni deni, na ile iliyotolewa mbele ya mama mkwe haina pa kujificha.

Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri kabisa. Walipoanza kupanda mlima, Nazmi akakanyaga mafuta, tabo ikaanza kupuliza, injini ikamisi.

"Abang, hiyo sauti gani?" aliuliza Rafidah, akimwita mumewe kwa heshima.

"Sauti gani?"

"Hiyo ya kukohoa."

"Barabara mbovu hapa."

"Kumbe barabara siku hizi inakohoa," alisema Mak Rubiah kutoka nyuma.

Nazmi akapunguza mwendo. Akikanyaga kidogo injini ilitulia, ila kwa mlima ule na mzigo ule, kukanyaga kidogo ni sawa na kusimama. Malori yakawapita yakipiga honi. Mwishowe akaegesha pembeni, kwenye kivuli cha msitu, akazima. Rafidah alitazama dirishani, na Nazmi akajua anahesabu: hii ya tatu.

Alifungua boneti akasimama tu, moyo umemvunjika. Ugonjwa aliujua. Presha mpya ilikuwa inapuliza cheche kabla hazijawasha, kama mtu anavyozima mshumaa. Dawa ni kupunguza uwazi kwenye ncha ya plagi ili cheche iwe na safari fupi. Kutoka karibu milimita nzima, ushuke hadi sehemu sitini na tano za mia. Spana ya plagi na koleo alikuwa navyo, amevificha chini ya kiti. Kipimo ndicho hakuwa nacho, kwani, alivyonung'unika kwa sauti, sanduku la vifaa lilishushwa asubuhi ili sufuria la rendang lipate nafasi.

"Nani alilishusha?" aliuliza Mak Rubiah, aliyekwisha teremka na mkeka wake.

"Mimi," alisema Rafidah. "Ulitaka tuache rendang?"

"Siwezi kukadiria kwa macho, Mak," alisema Nazmi. "Nikizidisha, linamisi. Nikibana mno, haliwaki vizuri. Sitini na tano, basi."

Mak Rubiah alimtazama. Alikuwa fundi cherehani tangu usichana wake, na vazi la Idi la mama yake mzazi, la shifoni nyepesi kama utando, lilikuwa kwenye furushi bado mikono haijashonwa.

"Sitini na tano ya nini?"

"Ya mia. Ya milimita."

"Si useme." Akapekua mkoba, akatoa kipakiti kidogo. "Soma hapo. Tisa ni namba ya Wajapani, sitini na tano ni ya Wazungu, na hiyo ndiyo unene wake, kwa hizo hizo sehemu za mia. Sindano ya shifoni hiyo. Imebaki moja."

Nazmi aliisoma pakiti mara mbili. Kisha akacheka kwa sauti, akaziba mdomo kwa aibu.

"Usicheke. Ukiipinda, mama yangu hana nguo ya Idi, na utamweleza wewe."

Walingoja injini ipoe, maana plagi haitolewi injini ikiwa ya moto. Kiu ya swaumu iliwashika wote watatu. Nazmi alizitoa plagi nne akazipanga juu ya kitambaa. Ya kwanza akaigonga taratibu, ile ndoana ya nje, juu ya rula ya mbao ya Mak Rubiah. Akajaribu sindano, ikagoma. Amebana mno. Akaifungua kidogo kwa koleo, akaisukuma sindano kwa nguvu.

"Lete huku," alisema Mak Rubiah. "Una papara kama bwana harusi. Wewe gonga, mimi napima."

"Hiyo ncha ya katikati usiiguse, Mak. Ikivunjika tumekwisha."

"Nimeshona shifoni maisha yangu yote, wewe unanifundisha kutogusa vitu?"

Basi yeye akawa anagonga, mama mkwe anapitisha sindano huku amefumba jicho moja. "Inateleza, bado. Gonga tena. Mama wee, umeipiga ngumi? Kidogo. Ehe. Hapo inakwaruza." Plagi ya nne ilipokwisha, aliifuta sindano kwa ncha ya mtandio wake, akaigeuza kwenye mwanga, akairudisha pakitini. Ilikuwa imenyooka.

Nazmi alifunga kila kitu, akawasha. Injini ilinguruma bila kikohozi. Alirudi barabarani akipanda kama aliyebeba mayai, hathubutu kukanyaga.

"Kanyaga," alisema Mak Rubiah.

"Mak?"

"Nimekaa chini porini na swaumu yangu kwa ajili ya hivyo vidude vyako. Kanyaga nione."

Akakanyaga. Tabo ikapiga mluzi, migongo ikabanwa vitini, lori lililokuwa mbele yao likabaki nyuma. Rafidah alipiga kelele, kisha akajikuta anacheka. Furaha ilimjaa Nazmi hadi macho yakamlowa, na kule nyuma, alipokuwa akikaa yeye utotoni, mama mkwe alishikilia sufuria la rendang kwa mikono miwili.

Walifika kijijini, nje kidogo ya Raub, adhana ya magharibi ikikaribia. Nenek, mama yake Mak Rubiah, alikuwa amesimama juu ya ngazi za nyumba.

"Mmechelewa! Lile gari limekufa tena?"

Nazmi alishusha pumzi. Alishaapa, na hakuwa mwongo. "Nenek, kwa kweli njiani..."

"Nani kafa?" alidakia Mak Rubiah. "Tulisimama, nilikuwa na kazi ya sindano."

"Unashona njiani? Nguo yangu imekwisha basi?"

"Yako bado. Hii ilikuwa ya haraka zaidi."

Nazmi alimgeukia mkewe. "Nilisema likitufia njiani..."

"Umemsikia Mak," alisema Rafidah, akamtilia tende mkononi. "Halikufa. Lilikuwa kwa fundi cherehani."

Mak Rubiah alikuwa ameshafika ngazini na furushi lake. Akasimama, akageuka, akalitazama gari.

"Nazmi."

"Naam, Mak."

"Wakati wa kurudi nakaa mbele."