Gogo la Ukweni

Ondieki, muuza mbao wa Migori, alikuwa na ugonjwa mmoja: akimpenda mtu, humpa mti. Kwa hiyo siku alipokwenda Kendu Bay kujitambulisha kwa baba yake Awino, mchumba wake, hakubeba sukari na mkate kama watu wenye akili zao. Alibeba gogo. Gogo kavu, nene, lililowatoa jasho vijana watatu kulishusha kutoka kwenye lori. Akaamuru liwekwe katikati ya ua, mbele ya mlango wa mzee, ili mama mkwe mtarajiwa asihangaike na kuni.

Jirani wa kwanza kuliona alipiga yowe. Wa pili hakuuliza, akajiunga. Muda si mrefu ua ukajaa, huyu kaja na kiti chake, yule anaulizia mazishi ni lini. Kelele zikamwamsha Mzee Onditi, baba yake Awino na mwenye boma. Alitoka na fulana, akapokea mikono mitatu minne ya pole kabla hajawaza kuuliza nani amekufa. Watu wakamtazama yeye, wakatazama gogo, wakainamisha vichwa.

Awino alimvuta mchumba wake pembeni, hasira zimempanda.

"Hiyo ni magenga. Kwetu mzee akishakufa ndio inawashwa hapo mlangoni, watu waote moto wakiomboleza. Umeletea baba matanga yake."

 Kwao Kisii, Ondieki alijua kuni ni kuni tu, na sasa Awino alikuwa anamponyoka mbele ya kijiji kizima. Mzee alilizunguka gogo, akaligonga kwa fimbo, akamwita Ondieki.

"Inaweza waka mpaka watu wa Nairobi wafike?"

Akili ilimwambia aombe msamaha. Mdomo wa biashara ukawahi.

"Hata wakichelewa, mzee. Na mvua haiwezi zima."

Awino alifunika uso. Mzee aliketi juu ya gogo, akalipapasa kwa muda. Akalalamika kwamba wanawe humletea soda na kumdanganya bado ni kijana, na siku yake ikifika watamwashia mabua ya mahindi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumfikiria hivi.

"Peleka kwa boma ya ng'ombe, chini ya mabati, mvua isiguse," alisema. "Na ukuje kila mwezi uangalie kama mchwa imekula. Lakini mwanaume kuja hapa kila mwezi na hajaoa ni aibu. Wazee wako wakuje Jumapili. Jumamosi najua nyinyi Wasabato mko kanisa."