Kwa Zamu, Kama Wengine

Jino la fundi cherehani lilikuwa limeoza mpaka usingizi ukampa kisogo. Akaamua: liwalo na liwe, leo linang'olewa.

"Ukifika, funga mdomo," dada yake mkubwa alimwonya njiani. "Ukisema una virusi vya homa ya ini watakuweka wa mwisho, halafu watakwambia muda umeisha."

Dada alijua anachosema. Wote wawili walizaliwa navyo, na yeye alishawahi kurudishwa hivyo hivyo. Tangu siku hiyo anatafuna upande mmoja.

Lakini fundi alikuwa na wasiwasi mwingine. Ini lake lilikuwa limechoka, na akijichoma sindano kidogo tu, kidole kilivuja damu mpaka kikaharibu nguo ya mteja. Je, likiwa jino?

Walipofika kliniki akasema, palepale kwenye dirisha la mapokezi. Mpokea wagonjwa akaweka kalamu chini.

"Kaa kule mwisho, mama. Utaingia wengine wakiisha."

"Nimemkuta mzee huyu tu. Nitaingia baada yake."

"Ndio utaratibu wetu."

Fundi akakaa nyuma ya mzee, mkoba kaukumbatia. Uso kaukausha hasa. Mpokea wagonjwa akaenda kumwita daktari wa meno, naye akaja, akasikiliza.

"Kwani wa mwisho ana vifaa vyake?" daktari akauliza. "Kila anayeingia, glovu mpya na vifaa vilivyosafishwa kwa mvuke. Wangapi tumewatibu wanavyo na wenyewe hawajui? Huyu amenisaidia kwa kusema." Akamgeukia fundi. "Damu yako inachelewa kuganda?"

"Sana, daktari."

"Basi tutapima kwanza, tujiandae."

Zamu yake ilipofika akaingia. Jino likatoka. Daktari akaweka dawa ya kugandisha damu, akalishona pengo, na fundi wa watu akabaki anatamani kioo aukague ule mshono.

Alitoka kauma pamba, shavu limevimba, kichwa juu kama bibi harusi.

"Uliwaambia?" dada akanong'ona.

Akaitikia kwa kichwa.

"Na wakakuingiza kwa zamu yako?"

Akaitikia tena, akicheka kwa nusu ya mdomo isiyo na ganzi. Hakuwahi kujisikia mkubwa namna ile.

Dada akainuka na kwenda dirishani.

"Na mimi ninavyo," akasema, na chumba kizima kikamsikia. "Nimfuate nani kwenye foleni?"