Kivuli cha Meza ya Tatu

Jumanne, tarehe nne Machi, asubuhi ilikuwa na jua kali na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa shuka kwenye kamba. Katika chumba cha kupigia pasi cha dobi ya hospitali, joto lilikuwa limewahi kazini kuliko watu. Mpiga pasi wa meza ya tatu, mwenye mimba ya miezi sita, alifunga aproni juu ya tumbo, akamwomba Mungu kimoyomoyo ombi lake la kila siku, "Huyu nibakizie," akawasha pasi.

Mimba ya kwanza ilimtoka mwaka jana mbele ya meza hiyohiyo, saa tisa alasiri, akiwa amebakiza mashuka kumi na moja. Mwenzake wa meza ya nne aliyamalizia.

Ilipokaribia saa nne, kivuli chake kiliketi.

Taa ndefu ya chumba ilitupa vivuli vya wapiga pasi wote kwenye ukuta wa nyuma, vimesimama kama wenyewe. Cha meza ya tatu kilikunja magoti taratibu, kikajishika kiuno, kikaketi juu ya kivuli cha kiti ambacho hakikuwamo chumbani. Kisha kikanyoosha miguu na kuanza kuzungusha vifundo, kulia mara kumi, kushoto mara kumi, kama mkunga anavyofundisha kliniki kila Alhamisi.

"Dada," msimamizi akasema, "kivuli chako kimekaa."

"Nimekiona."

"Nani amekiruhusu?"

"Hata mimi hakikuniuliza."

Kwenye kona, bibi mshona viraka alicheka bila kuinua macho kutoka kwenye shuka lililochanika. "Kimekuzidi akili, mwanangu."

Bibi alikuwa na kiti. Kwa utaratibu wa dobi, anayeshona huketi na anayepiga pasi husimama, na kiti hicho kiliandikwa katika orodha ya vifaa kuwa sehemu ya cherehani. Mwezi uliopita alimwazima mpiga pasi kwa dakika tano. Msimamizi alikirudisha kwa mikono yake mwenyewe, akieleza kwa upole kwamba kiti si cha mtu, ni cha mashine.

Barua nayo ilikuwa imeshaandikwa. Alhamisi moja mpiga pasi alimuuliza mkunga kama kusimama saa kumi kwa siku kunahesabiwa kuwa mazoezi.

"Mazoezi ni kutembea nusu saa, mwendo ambao bado unaweza kupiga soga," mkunga alimjibu. "Ukisikia kizunguzungu, ukiona damu au maji, unaacha, unakuja hapa. Kusimama mahali pamoja kwenye joto si mazoezi, mama. Hiyo ni adhabu."

Mpiga pasi akaandika barua kuomba kiti, maji ya kunywa na mapumziko. Msimamizi aliisoma barua yote, akausifu mwandiko, akaiweka kwenye faili la barua za viti.

Kivuli kikaendelea. Saa nne kiliketi. Saa saba kiliinuka na kutembea ukutani, kufika mlangoni na kurudi, nusu saa, kikinywa maji njiani. Wenzake walizoea, wakawa wanasogeza mikokoteni ya mashuka ili kisigongwe. Wiki ya pili, miguu ya mpiga pasi, iliyokuwa imevimba mpaka viatu vikaikataa, ilinywea. Mtoto alianza kucheza tumboni asubuhi na jioni. Alhamisi mkunga alimpima presha, akasoma, akapima tena.

"Imeshuka. Wamekupa kiti?"

"Kivuli ndicho kimepata."

"Basi kiendelee," mkunga akasema, akaandika hivyo kwenye kadi ya kliniki.

Lakini vivuli vya meza ya nne na ya tano, ambavyo havikuwa na mimba, vilianza kuegemea ukuta. Msimamizi akaona jambo linaenea. Aliandika barua ya onyo, akaibandika ukutani usawa wa uso wa kivuli ili kisiseme hakikuiona. Kivuli kiliisoma kimeketi. Kikapewa ya pili, kisha kikaitwa kwenye kikao.

Kwa ajili ya kikao hicho viti vitano vililetwa kutoka kantini. Waliketi meneja, msimamizi, karani, na mashahidi wawili, mshona viraka na mkunga. Mpiga pasi alisimama, kwa kuwa anayehojiwa husimama. Kivuli chake kiliketi ukutani nyuma yake, mikono juu ya tumbo.

Meneja alisema hana ugomvi nacho. "Kuchoka naelewa. Hata mke wangu alipokuwa mjamzito alipumzika sana. Lakini kiti kile hakimo kwenye orodha ya vifaa. Mkaguzi akija nimwambie nini?"

Mkunga alieleza kwamba presha ya mama imeshuka tangu kivuli kianze kupumzika. Karani akaandika kwamba mama ni mzima na anaweza kusimama.

"Ndivyo nilivyosema?" mkunga akauliza.

"Nimefupisha," karani akajibu.

"Kitoe ahadi," meneja akasema, "au kiende nyumbani, na mwenyewe akifuate."

Kliniki ile ilihudumia wafanyakazi wa hospitali tu, na wodi ya kujifungulia vilevile. Mpiga pasi aliutazama mlango, akamtazama mkunga. Mkunga alikuwa akitazama kiti alichokalia.

Mpiga pasi akasema kwa kuwa kivuli hakina mdomo, atakisemea yeye. Meneja akaomba aseme kwa sauti, maana sikio moja la karani ni bovu.

Nyuma yake kivuli kilijishika kiuno, kikasimama.

"Mbele ya meneja, na mbele yenu mashahidi," akasema, "naahidi kwa niaba yake. Hakitaketi tena saa za kazi mpaka nijifungue."